Umeelekeza poti na bado haifunguki: tafuta pakiti ilipoishia

Malalamiko huja kwa maneno yaleyale. "Nimeweka kanuni kwenye ruta, nimehifadhi, nimeizima na kuiwasha, lakini nikiwa nje kamera haionekani." Mara nyingi anayelalamika ameshafuta kanuni hiyo na kuiandika upya mara tano au sita, na kila mara aliiandika sawasawa. Kanuni ya ruta hulaumiwa kuliko kitu kingine chochote katika safari hii, ilhali makosa mengi ninayokutana nayo yako kabla yake, kwa mtoa huduma, au baada yake, kwenye kifaa chenyewe. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata pakiti, yaani kipande cha data kinachosafiri mtandaoni, hatua kwa hatua mpaka tujue imeishia wapi.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi ya ruta. Anwani za mtandao wa ndani, yaani zinazoanza na 10, zinazoanza na 192.168, na zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31, hazisafiri kwenye intaneti. Ruta husimama mlangoni kama bawabu mwenye daftari. Kifaa cha ndani kikituma pakiti nje, bawabu anaondoa anwani ya ndani, anabandika anwani yake ya umma, kisha anaandika daftarini nani ametoka na kwa poti ipi, yaani namba ya mlango wa programu husika. Jibu likirudi, anatazama daftari na kulipeleka kwa mwenyewe. Hiyo ndiyo tafsiri ya anwani, ambayo mafundi huiita NAT. Pakiti inayobisha kutoka nje bila kuitwa haimo daftarini, hivyo inatupwa. Kuelekeza poti ni kumwachia bawabu agizo la kudumu: atakayebisha poti 8080, mpeleke kwa 192.168.1.50. Kwenye ruta nyingi ukurasa wa kuweka agizo hilo umeandikwa "Port Forwarding" au "Virtual Server".

## Kabla ya kugusa mipangilio

Jaribu ukiwa nje kweli. Zima waifai kwenye simu, washa data ya simu, ndipo ufungue anwani yako. Jaribio lililofanywa kwa waifai ya nyumba hiyohiyo halithibitishi chochote, na sababu yake tutaiona mbele.

Kisha andika anwani tatu kwenye karatasi. Ya kwanza ni anwani ya ndani ya kifaa: kwenye Windows andika ipconfig, kwenye Linux andika ip addr, na kamera huionyesha kwenye menyu yake ya mtandao. Ya pili ni ile ambayo ruta inasema imepewa upande wa WAN, yaani upande wa mtoa huduma. Iko kwenye ukurasa wake wa hali. Ya tatu ni anwani ambayo dunia inakuona nayo. Rudi kwenye waifai na ufungue tovuti yoyote inayoonyesha IP yako.

La mwisho, na kwangu ndilo muhimu kuliko yote: angalia muunganisho unashindwa kwa namna gani. Kuna kukataliwa papo hapo, ambapo ujumbe wa kukataa unatokea ndani ya sekunde moja. Na kuna kusubiri, ambapo kiduara kinazunguka mpaka muda unaisha. Ukikataliwa papo hapo, pakiti ilifika kwenye mashine fulani na mashine hiyo ikajibu kwamba hakuna programu inayosikiliza hapo. Ukisubiri mpaka mwisho, pakiti imemezwa njiani au jibu lake limepotea. Hizo ni dalili mbili tofauti kabisa. Anayezichanganya atatafuta kosa mahali ambapo halipo.

## Dalili: ndani inafunguka, nje inasubiri mpaka muda unaisha

Hii ndiyo inayoripotiwa zaidi. Anza na sababu nyepesi.

Anwani ya kifaa imebadilika. Ruta hugawa anwani za ndani kwa muda. Juzi kamera ilikuwa 192.168.1.50, umeme ukakatika, leo ni 192.168.1.53, na kanuni bado inapeleka watu kwenye 50 ambako hakuna mtu. Linganisha anwani uliyoandika kwenye karatasi na iliyo kwenye kanuni, tarakimu kwa tarakimu. Dawa ya kudumu ni kukitengea kifaa hicho anwani yake kwenye ukurasa wa DHCP (ugawaji wa anwani) wa ruta, kwa kutumia namba yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao. Kama kifaa ni simu au kompyuta mpakato, kumbuka kwamba mifumo ya siku hizi inaweza kubuni MAC tofauti kwa kila mtandao wa waifai. Zima hiyo kwa mtandao wako wa nyumbani, la sivyo nafasi uliyoitenga inaweza kubaki bila mwenyewe.

Faiwoli (kinga inayochuja pakiti) ya kifaa chenyewe. Windows ikiuchukulia mtandao wako kuwa wa hadharani, inazuia karibu kila kinachobisha hodi. Badilisha mtandao huo uwe wa faragha, kisha tazama kama programu yako ina ruhusa kwenye faiwoli. Kuna mtego mmoja hapa: ruhusa inaweza kuwa imewekewa mpaka wa mtandao wa ndani peke yake. Kompyuta jirani inafungua vizuri, ya nje inanyamaziwa. Ingia kwenye sifa za kanuni hiyo, tafuta sehemu ya upeo wa anwani, na uruhusu anwani za mbali. Usizime faiwoli yote ukasahau. Kama ni lazima uizime ili kuthibitisha, iwe kwa dakika moja huku umekaa mbele ya mashine.

Kifaa hakina lango la kutokea (gateway). Sababu hii imenipotezea saa nyingi kwenye kamera na rekoda zake. Aliyeifunga aliandika anwani kwa mkono, akaacha nafasi ya lango wazi au akaweka lango la mtandao wa zamani. Ukiwa ndani, kamera inaonekana vizuri kabisa, maana majirani wa mtandao mmoja hawahitaji lango ili kuongea. Pakiti ya kutoka nje nayo inafika. Kamera inataka kujibu, haijui jibu lipitie wapi, basi. Weka anwani ya ndani ya ruta, kwa mfano 192.168.1.1, kwenye nafasi ya lango. Angalia pia kinyago cha mtandao (subnet mask). Nyumbani huwa 255.255.255.0.

Kuna VPN, yaani njia ya siri inayopitisha data kwenye seva nyingine, inayofanya kazi kwenye kifaa. Pakiti inaingia kupitia ruta, jibu linatoka kupitia njia ya VPN likiwa na anwani nyingine, na aliyepo nje analikataa kwa kuwa hakuongea na mtu huyo. Zima VPN, jaribu tena.

Kifaa kiko kwenye waifai ya wageni. Ruta nyingi huutenga mtandao huo kabisa. Kihamishe.

Mtoa huduma amefunga poti. Poti 25 na 445 hufungwa mara nyingi, na wengine hufunga hata 80 na 443 kwa wateja wa nyumbani. Kipimo chake ni rahisi: acha poti ya ndani ilivyo, badilisha ya nje tu. Kwa mfano, nje 8443 iende ndani 443. Ikifunguka, umepata jibu.

Kama yote hayo ni sawa na bado unasubiri, acha kubahatisha, msikilize mgeni mlangoni. Kwenye mashine ya Linux andika tcpdump -n port 8080, kwenye Windows tumia Wireshark, kisha jaribu kutoka kwenye simu yenye data. Zana hizi huziona pakiti zinazoingia kabla faiwoli ya mashine haijaziamulia. Zikionekana, ruta na mtoa huduma wamefanya kazi yao na kosa liko kwenye mashine hiyo au kwenye njia ya jibu. Zisipoonekana hata moja, kosa liko kabla ya mashine, na hatua inayofuata ni kulinganisha zile anwani mbili.

## Dalili: anwani ya WAN na anwani inayoonekana nje hazilingani

Ruta inasema ina anwani fulani, tovuti inasema unaonekana na nyingine. Hapo kuna bawabu wa pili mbele ya bawabu wako, naye hana agizo lako.

Ikiwa anwani ya WAN inaanza na 192.168, au 10, au 172.16 hadi 172.31, uwezekano mkubwa ni kwamba una ruta mbili nyumbani: kifaa cha mtoa huduma, na nyuma yake ruta uliyonunua mwenyewe. Kila kimoja kinatafsiri anwani. Thibitisha kwa tracert kwenye Windows au traceroute kwenye Linux kuelekea anwani yoyote ya nje. Mistari miwili ya mwanzo ikiwa na anwani za ndani, mashaka yako yana msingi. Njia nyepesi ya kurekebisha ni kuigeuza ruta yako ya pili iwe kituo cha waifai tu, bila tafsiri ya anwani wala DHCP. Njia ya pili ni kuelekeza poti mara mbili: kifaa cha mbele kielekeze kwenye anwani ya WAN ya ruta yako, nayo ielekeze kwenye kifaa. Hakikisha mitandao hiyo miwili haitumii anwani za aina moja. Zote zikiwa 192.168.1, badilisha ya ndani iwe 192.168.20 au nyingine. Njia ya tatu ni kukifanya kifaa cha mbele kiwe daraja tupu na kuiachia ruta yako kazi yote.

Onyo kuhusu hiyo njia ya tatu: usikigeuze kifaa cha mtoa huduma kuwa daraja kabla hujawa na jina na neno la siri la PPPoE (njia ya laini kuingia kwa akaunti ya mtoa huduma), kama laini yako inayatumia, pamoja na namba ya VLAN, inayotenganisha mitandao kwenye waya mmoja. Ukikosea unabaki bila intaneti, na simu ya nyumbani au televisheni inayopitia kifaa hichohicho hukatika pia. Kama huna taarifa hizo, simama hapo na umpigie mtoa huduma.

Ikiwa anwani ya WAN iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, umefika mwisho wa barabara kwa upande wa ruta. Fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Anwani za IPv4, mfumo wa anwani tunaoutumia hapa, ni 4,294,967,296 kwa hesabu ya biti 32, na mafungu ya mwisho ya hazina kuu ya dunia yaligawiwa Februari 2011, kwa hiyo watoa huduma wanabana. Bawabu mkubwa yuko kwenye jengo lao, na daftari lake huligusi. Baadhi yao hutumia fungu la 10 kwa kazi hiyohiyo, kwa hiyo ukiona 10 wakati nyumbani una kifaa kimoja tu, jibu ni hilihili.

Nimeona watu wakimaliza wiki nzima wakinunua ruta mpya kwa ajili ya tatizo hili. Ruta mpya haiwezi kulitatua. Mwombe mtoa huduma anwani ya umma. Wengi wanayo kwa wanaoomba, kwa malipo au bila. Kama laini yako ina IPv6, mfumo mpya wenye anwani nyingi zaidi, kifaa kinaweza kupata anwani yake ya umma moja kwa moja. Chaguo la tatu ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya umma na kujenga njia ya WireGuard (aina ya VPN) kutoka nyumbani kwenda kwenye seva hiyo. Kwa kuwa nyumbani ndiko kunakoanzisha mazungumzo, daftari la bawabu mkubwa linaandikwa na majibu yanarudi. Weka PersistentKeepalive kuwa 25 ili mstari wako usifutwe daftarini mkikaa kimya.

## Dalili: inakataliwa papo hapo

Hii ni habari njema zaidi ya ile ya kusubiri, kwa sababu pakiti imefika mahali.

Programu haijawashwa. Usicheke, ndiyo ya kwanza kwa wingi, hasa baada ya kompyuta kuzimwa na kuwashwa. Kwenye Linux andika ss -tulpn, kwenye Windows netstat -ano, na utafute poti yako kwenye orodha ya zinazosikiliza.

Programu inasikiliza ndani ya mashine yake tu. Kwenye orodha hiyohiyo soma anwani iliyo kabla ya poti. Ikiwa ni 127.0.0.1:8080, programu inaongea na mashine yake peke yake na haitamsikia hata jirani wa chumba cha pili. Inatakiwa iwe 0.0.0.0:8080 au anwani ya ndani ya mashine. Badilisha kwenye faili la mipangilio la programu, uiwashe upya. Ukiwa unatumia kontena, poti ya kontena lazima itangazwe pia kwenye mashine mwenyeji.

Poti ya ndani kwenye kanuni siyo ile ambayo programu inatumia. Au itifaki (TCP au UDP, namna mbili za kusafirisha data) imekosewa. Minecraft ya Java hutumia TCP 25565, ile ya Bedrock hutumia UDP 19132, WireGuard hutumia UDP 51820 kwa kawaida. TCP na UDP ni milango tofauti hata namba zikifanana, na kanuni ya TCP haitapitisha UDP.

Vifaa viwili vimegombania poti moja. Poti moja ya nje, kwa itifaki moja, huenda kwa kifaa kimoja. Kamera mbili zote zikitumia 8000, ipe ya kwanza 8001 nje na ya pili 8002 nje, zote ziishie 8000 ndani kwenye anwani tofauti. Tazama pia ukurasa wa UPnP: huenda mashine ya michezo iliomba poti hiyo mapema, na ruta ikaipa bila kukuuliza.

## Dalili: nje inafunguka, lakini nikiwa nyumbani anwani ya nje haifunguki

Hakuna kilichoharibika. Kompyuta yako iliyo ndani inabisha kwenye anwani ya umma ya nyumba yako mwenyewe. Ruta inatakiwa iitoe pakiti na kuirudisha ndani kwa mlango uleule, huku ikibadilisha anwani za pande zote mbili. Ikibadilisha upande mmoja tu, seva itamjibu jirani yake moja kwa moja kwa anwani ya ndani, na kompyuta itaikataa sauti hiyo isiyoitambua. Ruta nyingine zinaweza kugeuza hivyo, nyingine haziwezi. Tafuta maneno "NAT Loopback" au "Hairpin NAT". Kama hayapo, tumia anwani ya ndani ukiwa ndani, au weka DNS (huduma inayogeuza jina kuwa anwani) ya ndani inayolijibu jina la seva kwa anwani ya ndani. Mimi napendelea hiyo ya DNS, maana picha za kamera haziizungushi ruta bure.

Hapa ndipo lile jaribio la waifai linapodanganya. Mtu anajaribu akiwa sebuleni, inashindwa, anafuta kanuni iliyokuwa ikifanya kazi tangu mwanzo.

Wakati mwingine badala ya kamera unaona ukurasa wa kuingilia wa ruta. Ukiwa ndani, ni tatizo hilihili la kugeuza. Lakini ukiuona kwa data ya simu, usimamizi wa ruta umefunguliwa kwa dunia nzima. Acha kila kitu, zima usimamizi wa mbali, badilisha neno la siri la ruta, ndipo uendelee.

## Dalili: baada ya kuweka kanuni, kila tovuti ya http inaleta ukurasa wa kamera

Hii huwapata wanaoandika kanuni wenyewe kwenye ruta za kitaalamu au kwenye Linux. Kanuni inasema "kila kinachokwenda poti 80 kipeleke 192.168.1.50" bila kutaja kwamba ni kinachoingia kutoka WAN. Watu wa ndani wanaotoka kwenda poti 80 ya tovuti yoyote wananaswa nao. Ongeza sharti la upande wa kuingilia au la anwani ya umma inayolengwa.

Kwa Linux, angalia pia kwamba net.ipv4.ip_forward ni 1, na kwamba mnyororo wa FORWARD unaruhusu pakiti hizo. Kanuni ya DNAT (ya kuelekeza poti) kwenye PREROUTING inabadilisha anwani tu. Ruhusa ya kupita hutolewa kwingine, na wengi huisahau.

## Dalili: ilikuwa ikifanya kazi, leo imekufa

Tazama anwani tatu za karatasi yako, maana mojawapo imebadilika. Kama ni ya umma, mtoa huduma amekupa mpya: tumia huduma ya DNS inayojisasisha, na uhakikishe kifaa kinachoisasisha bado kinaingia kwa akaunti hai. Kama ni ya ndani, rudi kwenye kutenga anwani. Kama WAN sasa inasoma 100.64 na kuendelea, umehamishwa nyuma ya bawabu mkubwa, na hilo hufanyika bila taarifa. Ikiwa hakuna iliyobadilika, fungua ruta uone kama kanuni bado zipo. Sasisho la programu yake wakati mwingine hurudisha mipangilio mwanzo.

## Dalili: wengine wanaingia, wengine hawaingii

Angalia kama jina la seva yako lina rekodi ya IPv6. Simu zenye IPv6 huanza na njia hiyo, na kanuni yako ya kuelekeza poti ni ya IPv4 peke yake. Kwenye IPv6 hakuna tafsiri ya anwani inayohitajika. Kinachotakiwa ni ruhusa kwenye faiwoli ya ruta kwa anwani ya kifaa na poti. Iweke, au uiondoe rekodi hiyo.

## Dalili: inaunganika, kisha inaganda au inakatika

Ukurasa mdogo unafunguka, faili kubwa linaganda. Laini za PPPoE hula baiti 8 kwenye kila pakiti ya 1500, zinabaki 1492. Kwenye Windows andika ping -f -l 1464 ikifuatiwa na anwani ya nje; ikipita huku 1472 ikigoma, ndiyo hiyo. Weka MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya WAN kuwa 1492 na uwashe ubanaji wa MSS (ukubwa wa data ndani ya pakiti ya TCP) kwenye ruta.

Simu za intaneti zinasikika upande mmoja. Ruta inajaribu kuusaidia mfumo wa SIP, unaoanzisha simu hizo, kwa kubadilisha anwani zilizo ndani ya ujumbe, na mara nyingi inaharibu. Zima "SIP ALG", washa upya ruta na simu.

FTP (huduma ya kuhamisha mafaili) inakubali neno la siri lakini orodha ya mafaili haitokei. Poti 21 hubeba amri tu. Mafaili hupita poti nyingine zinazochaguliwa papo hapo. Kwenye seva weka fungu dogo, kwa mfano 50000 hadi 50100, pamoja na anwani yako ya umma, kisha uelekeze fungu zima. Ushauri wangu ni kuhamia SFTP, inayopita kwenye poti moja na kuficha neno la siri.

Mazungumzo yanayokaa kimya yanakatika. Mstari wake umefutwa daftarini. Linux, kwa mipangilio yake ya kawaida, hufuta mstari wa UDP ambao haujajibiwa baada ya sekunde 30. Washa salamu za mara kwa mara kwenye programu.

Nyumba nzima ikipunguza kasi programu ya kupakua mafaili ikiwashwa, huenda daftari limejaa. Punguza idadi ya miunganisho ya programu hiyo.

## Dalili: tovuti ya kupima poti inasema imefungwa

Tovuti nyingi hupima TCP tu. UDP haina salamu ya kuanzia, na WireGuard kwa makusudi hainyanyui sauti kwa asiye na ufunguo sahihi. Jaribu kwa programu yenyewe. Kwa TCP pia, programu ya ndani lazima iwe inafanya kazi wakati wa kupima, maana poti isiyo na msikilizaji huonekana imefungwa hata kanuni ikiwa sahihi.

## Poti za kutofungua, na mahali pa kusimama

Poti 445 ya kushiriki mafaili usiielekeze nje kamwe. Ndipo ilipopita programu hasidi ya WannaCry Mei 2017. Poti 23 usiifungue pia: mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta kwa kuingia humo na maneno ya siri ya kiwandani. Poti 3389 ya kuiendesha Windows kwa mbali ipitie VPN. Hata kamera ningependa zipitie VPN: unafungua poti moja ya UDP badala ya tano, na anayebisha bila ufunguo hajibiwi. Kifaa chochote unachokifungua, badilisha kwanza neno la siri na usasishe programu yake.

Kuna chaguo la "DMZ" linalompa kifaa kimoja kila kinachobisha. Litumie kama kipimo kwa dakika mbili tatu tu, kwa mashine iliyosasishwa yenye faiwoli yake. Kamera au rekoda usiiweke humo hata kwa dakika hizo.

Simama na umwite mtaalamu ukikuta kanuni usizoziandika wewe au wenzako, na UPnP haihusiki, au DNS ya ruta ikielekea anwani usiyoijua. Chomoa waya wa WAN kwanza. Simama pia kama mtandao ni wa kazi unaobeba malipo au taarifa za wagonjwa, kama ruta au adapta yake inanuka kuungua, au kama waya wa faiba umekatika. Mwanga wa faiba hauonekani na unaumiza macho, kwa hiyo usichungulie ncha yake. Kitufe cha kurudisha ruta kiwandani usikibonyeze kabla hujahifadhi nakala ya mipangilio na kuandika taarifa za laini.

Ukimpigia mtoa huduma, usianze na "poti haifunguki", utaambiwa uzime na kuwasha. Mpe karatasi yako: "WAN ya ruta inasoma 100.72.14.9, nje naonekana na 203.0.113.40, nimejaribu kwa data ya simu poti ya TCP 8443, inasubiri mpaka muda unaisha, na tcpdump kwenye mashine haioni pakiti. Naomba anwani ya umma."